Kidole au Kitufe? Kuchagua Mchezo wa Mkononi Butembo na Beni

Mzazi wa Butembo au Beni anayemtafutia mtoto mchezo wa kukimbia na kuruka ana njia nyingi kuliko zamani. Anaweza kumwazima simu yake, kununua kidude cha vitufe cha Kichina, kutafuta PSP ya Sony ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, au kuagiza Nintendo Switch kupitia mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Guangzhou. Bei ya dukani peke yake haimsaidii kuamua. Huku kwetu kununua ni mwanzo tu, kisha huja umeme, mega za intaneti na fundi. Na kuna swali moja ambalo muuzaji haligusi: mchezo wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya kidole au kwa ajili ya kitufe?

Swali hili linastahili uzito. Watoto wa Kivu Kaskazini wamekua katikati ya vita, na saa nyingi wanalazimika kukaa ndani. Mchezo mzuri unawapa mazoezi ya subira, jicho na mkono, na furaha ambayo ni haki yao. Hela ya kuwanunulia haipatikani kirahisi, kwa hiyo itumike vizuri.

Kila mkono na mchezo wake

Mchezo wa majukwaa, ule wa kuruka shimo na kutua juu ya kibao chembamba, ulikulia kwenye vitufe. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo aliweka kitufe cha msalaba kwenye Game & Watch ya Donkey Kong. Super Mario Bros. ya 1985 ilijengwa juu ya msalaba huo: gumba la kushoto linaongoza, la kulia linaruka, na macho hayabanduki kwenye picha. Gumba linahisi ukingo wa kitufe, linajua lilipo bila kutazama.

Kioo cha simu hakina ukingo. Vitufe vilivyochorwa juu yake haviguswi kwa hisia, hivyo gumba huhama polepole hadi likatoka nje ya mchoro, na mchezaji anadondoka shimoni wakati hajakosea chochote. Mikono miwili nayo inafunika pembe za picha, mahali ambapo adui hutokea. Simu nyingine za bei ya chini hutambua vidole viwili tu kwa wakati mmoja, na mchezo unaotaka kukimbia, kuruka na kupiga pamoja unakwama. Hali ya hewa pia ina sehemu yake. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, mvua ni nyingi, na tone la maji juu ya kioo linaweza kusomwa kama kidole. Beni iko chini zaidi na ina joto. Huko tatizo ni jasho la vidole.

Watengenezaji wenye akili hawakulazimisha vitufe juu ya kioo, waliubadilisha mchezo. Katika Geometry Dash ya 2013 mchezaji anagusa mahali popote na umbo linaruka, basi. Katika Super Mario Run, iliyotoka Desemba 2016, Mario anakimbia mwenyewe na kazi yako ni kuchagua lini aruke na aruke juu kiasi gani. Leo's Fortune ya 2014 inatumia kuburuza kidole: upande mmoja wa kioo kwenda mbele na nyuma, upande wa pili kuruka au kuzama. Hakuna kitufe cha kukosea.

Basi kanuni ya kwanza ya kununua ni hii: ukitaka michezo ya mguso mmoja, simu inatosha. Ukitaka Mario wa zamani, Sonic au Mega Man, usipoteze hela kwenye simu kubwa zaidi, tafuta vitufe.

Simu: rahisi kuanza, ghali kuazimana

Simu ya Tecno, itel au Infinix huwa tayari imo nyumbani, na nyingi za sasa zina betri ya mAh 5,000. Kwa kijana mwenye simu yake, hili ndilo chaguo la bei ndogo kuliko yote. Atafute michezo inayocheza bila intaneti, aipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, kisha azime data. Super Mario Run ilidai intaneti kila wakati wa kucheza, na kuifungua yote kuligharimu dola 10 ilipotoka. Mchezo wa aina hiyo unakula mega kila siku, hata kama kuupakua ni bure. Toleo kamili la Geometry Dash liliuzwa kwa karibu dola 2 na linacheza bila mtandao. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana dola 2 unazilipa mara moja, lakini mega hununuliwa tena na tena.

Kwa mfanyabiashara hesabu inageuka. Simu yake ndiyo duka lake. Ndani yake mna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, namba za wateja na ujumbe wa bidhaa zilizofika mpakani Kasindi. Mtoto akiimaliza betri mchana, simu ya mteja haiingii. Matangazo ya michezo ya bure nayo humpeleka mtoto kwenye kurasa ambazo mzazi hakuzichagua. Mzazi wa aina hii asidhani simu ni bure. Kwake kifaa cha pembeni, hata cha bei ndogo, ni njia ya kuilinda kazi.

Simu na maneti

Njia ya kati ni kununua maneti ya Bluetooth, yaani kidhibiti cha vitufe kinachoshikwa mkononi, na kishikio cha simu. Unapata vitufe vya kweli bila kununua kioo kingine. Ila si kila mchezo unaitambua maneti, kwa hiyo fungua mchezo unaoutaka palepale dukani, unganisha, uruke mara kadhaa. Ukiona kati ya kubonyeza na kuruka kuna kuchelewa, rudisha. Maneti ya waya inayoingia kwenye tundu la simu haina betri ya kuchaji na mara nyingi huitika haraka zaidi. Faida nyingine ni kwamba simu ikiharibika, maneti inabaki na kuhamia simu nyingine.

Kidude cha michezo 400

Kile kidude kidogo kiitwacho Sup, kinachoandikwa michezo 400, kinadharauliwa na wengi, lakini usanifu wake una jambo la kujifunza. Skrini yake ni ya inchi 3 tu, ina msalaba na vitufe, na kwa kawaida kinatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia. Betri hiyo ni ya mAh 1,020 hivi, inatolewa kwa kucha, na inapatikana karibu kila kibanda cha simu. Ukiwa na mbili, moja inachaji wakati nyingine inacheza. Aina nyingi zina pia waya wa kuunganisha kwenye televisheni, na nyingine huja na maneti ya mchezaji wa pili.

Yokoi, yuleyule wa kitufe cha msalaba, aliamini kwamba chombo kizuri hutokana na wazo jipya juu ya teknolojia iliyozeeka na kushuka bei. Ndiyo maana Game Boy yake ya 1989 ilikuwa na skrini ya kijani isiyo na taa, ikatumia betri nne za kawaida na kudumu saa 15 hivi au zaidi. Game Gear ya Sega ya 1990 ilikuwa na rangi na taa, ikala betri sita kwa saa 3 hadi 5. Kilichoshinda sokoni ni kile chenye skrini duni. Mji ambao umeme wake hauna uhakika unapaswa kununua kwa akili hiyohiyo.

Kasoro za kidude hiki lazima zisemwe. Michezo mingi ndani yake inajirudia kwa majina tofauti, na ni nakala zisizo na idhini ya wenyewe. Vitufe vya aina mbaya hukwama mapema. Usihesabu michezo, bonyeza kila kitufe.

Konsoli za Kichina za emulata, na PSP ya okazioni

Ngazi inayofuata ni vifaa vya emulata, yaani programu inayoiga mashine za zamani, kama Anbernic RG35XX, iliyotoka mwishoni mwa 2022 ikiuzwa mtandaoni kwa karibu dola 60 kabla ya usafiri, au Miyoo Mini Plus ya 2023. Vyote vina skrini ya inchi 3.5 iliyo wazi, msalaba mzuri na chaja ya USB-C. Michezo ya zamani ni midogo mno: Super Mario Bros. nzima ilikuwa KB 40, ndogo kuliko picha moja ya simu. Hapa mega si tatizo, tatizo ni kadi ya kumbukumbu. Zile zinazokuja na kifaa huharibika, na michezo iliyojazwa humo mara nyingi ni nakala zisizo na idhini. Weka kadi ya jina linaloaminika.

PSP ya Sony ilianza kuuzwa Japani Desemba 2004 na utengenezaji wake ukakoma 2014. Hivyo PSP yoyote sokoni leo ina umri. Uzuri wake ni skrini pana, betri inayotolewa kwa mkono, chaja ya volti 5, na diski za michezo zisizofungwa kwa nchi moja. Ina michezo ya kuruka iliyobuniwa hasa kwa ajili yake, kama LocoRoco ya 2006, ambayo unaiinamisha dunia kwa vitufe viwili vya juu. Kabla ya kulipa, toa betri na uilaze juu ya meza. Ikiwa imevimba, ikatae. Sikiliza kama diski inazunguka bila kukwaruza, na uangalie kama kijiti kinarudi katikati.

Nintendo Switch

Kwa michezo ya majukwaa, Switch ina hazina kubwa sana, na katriji zake zinafanya kazi popote ziliponunuliwa. Switch Lite ya Septemba 2019 ilitoka kwa dola 200 Marekani. Agosti 2025 bei hiyo ilipandishwa hadi dola 230. Ni nyepesi, ina msalaba wa kweli, na inakaa saa 3 hadi 7 kutegemea mchezo. Haiungani na televisheni, na vijiti vyake vimejengwa ndani: kimoja kikianza kusogeza picha bila kuguswa, fundi lazima afungue kifaa chote. Kwenye Switch ya kawaida unabadilisha Joy-Con tu, yaani maneti yake inayochomolewa.

Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 450, na ina mtego wa kuangalia. Baadhi ya katriji zake ni funguo tupu: mchezo wenyewe haumo ndani, lazima upakuliwe. Kwa anayenunua mega kwa kipimo, katriji kama hiyo ni gharama iliyofichwa. Tena Nintendo haina duka lake la mtandaoni la Kongo. Soma jalada kabla ya kulipa.

Hesabu ya umeme

Mutwanga, katika teritwari ya Beni, ilipata mtambo wa umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga mwaka 2013, na nyaya zimeendelea kuenea katika eneo letu, lakini nyumba nyingi bado zinategemea sola, jenereta au kibanda cha kuchajia. Tazama uwiano. Betri ya Switch Lite inabeba kama Wh 13, ya simu ya mAh 5,000 kama Wh 19, ya BL-5C chini ya Wh 4. Kuchaji Switch Lite kila siku kwa mwezi hakufiki uniti moja ya umeme. Mwenye mita nyumbani asihangaike na hesabu hii.

Anayelipa kibandani hutozwa kwa kila kuchaji, haijalishi betri ni kubwa au ndogo. Tuseme ni faranga 500: kuchaji mara 15 kwa mwezi ni faranga 7,500, na kwa mwaka ni 90,000. Mtu huyo atafaidika na pawabenki ya mAh 20,000, inayoweza kuijaza Switch Lite mara tatu hivi, au na paneli ndogo ya sola juu ya bati.

Bidhaa zetu nyingi hupita Mombasa na Uganda kabla ya kuvuka Kasindi, kwa hiyo chaja nyingi zina pini tatu za mraba, wakati soketi zetu ni za pini mbili za duara. Ongeza bei ya adapta. Na jihadhari na chaja za Nintendo DS na 3DS kutoka Marekani au Japani: nyingi hazikutengenezwa kwa volti 220 na zitaungua. Soma maandishi madogo. Ukiona 100–240V, uko salama.

Nani anunue nini

Kijana mwenye simu yake aanze na michezo ya mguso mmoja isiyodai mtandao. Akitamani michezo ya zamani, aongeze maneti, si simu mpya.

Mfanyabiashara mwenye watoto wadogo anunue kidude cha BL-5C na betri mbili, simu ibaki kazini. Watoto wakiwa wengi na televisheni ipo, achague chenye waya na maneti ya pili.

Mtoto mkubwa anayependa michezo hii kwa dhati, na mzazi mwenye dola 60 hadi 100, achukue konsoli ya emulata yenye USB-C pamoja na kadi nzuri. PSP aichukue tu ikiwa betri na diski zimepimwa mbele yake.

Switch Lite ni ya nyumba yenye umeme wa kuaminika, bajeti ya katriji mbili au tatu, na fundi aliyewahi kuifungua. Bila hayo, zaidi ya dola 200 zitalala kabatini.

Iwe ni duka la Rue Kinshasa, Butembo, au la Boulevard Nyamwisi, Beni, mwambie muuzaji akiwashe, umpe mtoto, naye aruke shimo mara kumi. Akidondoka kwa kosa lake mwenyewe na kutaka kujaribu tena, kifaa hicho kinafaa. Akidondoka kwa sababu kitufe hakikusikia, hakifai hata kikiuzwa nusu bei.