Kasha la zamani: Msasa unaweza kula faida yote

Wafanyabiashara wanaonunua samani za zamani Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja na kuzivusha mpaka wanajua kuwa mteja huvutwa kwanza na sura ya kitu. Ndiyo maana wengi, kasha likifika tu nyumbani, hulipiga msasa na kulipaka vanishi mpya. Mara nyingi thamani huanza kushuka hapo hapo.

Mnunuzi wa vitu vya kale halipii mbao peke yake. Analipia pia ile rangi iliyokolea kwa miaka ya mwanga, moshi na kushikwashikwa. Msasa huondoa uchafu pamoja na umri, na umri hauuzwi kwenye kopo. Hata wakusanyaji wa bunduki za vita vya zamani huko Uingereza na Marekani husafisha kitako cha mbao na kukipaka mafuta, lakini mihuri ya kiwanda hawaigusi. Ikifutika, bei huporomoka.

Safisha kabla ya kukwangua

Hatua ya kwanza ni kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, kisha kukausha papo hapo. Kama kuna vanishi iliyochakaa, ijaribiwe mahali pasipoonekana kwa pamba yenye spiriti. Ikilainika na kunata, huenda ni shelaki, na inaweza kutolewa taratibu bila msasa.

Mbao iliyobonyea haihitaji kukwanguliwa. Weka kitambaa kibichi juu ya shimo, kisha gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huvimbisha nyuzi zilizogandamizwa na shimo hupungua. Njia hii haisaidii pale nyuzi zilipokatika.

Baada ya hapo hupakwa mafuta ya kitani, yanayojulikana madukani kama linsidi. Mkono mwembamba unatosha: paka, subiri, futa yaliyobaki juu, acha yakauke siku moja au zaidi, kisha rudia. Yakipakwa mazito hunata, na kasha likifungwa kwa nailoni kabla halijakauka huharibika njiani.

Hatari kubwa iko kwenye matambara. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe, bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja au yalowekwe majini ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Kwa anayehifadhi mali chumba kimoja na familia, uzembe huu unaweza kugharimu zaidi ya mtaji.

Mpakani mambo ni mengine

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zenye asili ya nchi wanachama. Makasha mengi ya msaji yenye njumu za shaba yaliletwa na majahazi kutoka India. Kukaa Pwani miaka mingi hakulifanyi kasha kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki.

Kuna pia sheria za urithi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 inahesabu kifaa kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1964 inaweka mpaka wa umri katika mwaka 1863.

Kwa hiyo ni busara kuuliza idara ya mambo ya kale au makumbusho kabla ya kulipa, kutunza risiti, na kupiga picha za kifaa kabla hakijaguswa. Picha hizo humwonyesha mteja umri wa mali, na humsaidia ofisa wa forodha kujua anachokikagua.