Tulishiba Hotelini, Tukaaibika Ukweni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakutuachia neno la kumwambia mgeni ambaye amekuja na tumbo lililokwisha kujaa. Hayo ndiyo yaliyotufika sisi wazee watatu wa Mombasa tulipopanda kwenda Githongo, nami nayaeleza hapa ili mwenzangu asije akayarudia.

Githongo ni mji mdogo wa soko katika Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mtu wa pwani akishuka garini huko hupokewa na baridi kabla ya kupokewa na watu. Huona mashamba ya majani chai na migomba, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya kila boma. Mlima wenyewe, ambao wenyeji huuita Kirimaara na ambao kilele chake chafika mita 5,199, siku ile ulikuwa umejitia buibui la mawingu, hatukuuona hata ukucha.

Safari yetu ilikuwa ya posa. Mwana wa ndugu yangu anafanya kazi Meru mjini, na huko moyo wake umemwangukia binti wa Githongo. Wazazi wa binti ni Wakristo, watu wa kanisani. Tulikuwa mimi, kaka yangu ambaye ndiye baba wa kijana, na Maalim mmoja wa mtaani kwetu, ambaye nimekaa naye chuoni tangu tukiwa watoto, tukisoma juzuu moja na kula bakora moja. Yeye aliendelea na elimu, mimi nikapotelea kwenye mashairi na magazeti.

Lililotuhangaisha njia nzima, tangu Nairobi hadi Embu, na tangu Embu hadi Chuka, halikuwa mahari. Lilikuwa nyama. Tulijua tutakaribishwa, na tulijua kuwa bara mgeni wa heshima huchinjiwa mbuzi. Je, mbuzi huyo atachinjwa na nani, na kwa jina la nani? Kaka yangu alisema tumwulize kijana kwa simu. Maalim akasema kuuliza ni kuwavunjia watu heshima kabla hatujaonana nao. Basi hatukuuliza. Kosa letu la kwanza ndilo hilo.

Tulipofika Githongo saa ilikuwa bado mapema. Maalim akatoa shauri: "Tuingieni hotelini tule, tushibe kabisa. Tukifika huko tutasema tumekwisha kula." Shauri lile lilinipendeza. Nalikiri, nisije nikamtwisha mwenzangu mzigo wote.

Hoteli, kwa lugha ya bara, ni ile nyumba ya kulia chakula ambayo sisi huiita mkahawa. Tuliketi kwenye benchi, akaja kijana mmoja mwenye kitambaa begani, akatusomea vyakula bila karatasi, kwa kasi ya mtoto anayehitimu Amma: "Kuna githeri, kuna mukimo, kuna matoke, kuna chapati ndengu, chapati maharagwe, kuna mbuzi ya kuchemsha, kuna matumbo, kuna kuku. Niwaletee gani, wazee?"

Nimewahi kuingia katika hoteli kubwa za kitalii za pwani yetu, ambamo meza ndefu hutandikwa vyakula vya kila namna, na mgeni hutembea na sahani akidokoa hapa na pale kama ndege. Kule kuchagua ni starehe, na akikosea hula kingine. Lakini pale Githongo, mbele ya kijana yule, niliona kuwa kuchagua chakula kwaweza kuwa kazi nzito. Kila alichokitaja tulikipitisha kwenye mizani: hiki halali wazi, hiki kina shaka, hiki tukiache.

Maalim akamwuliza, "Mwanangu, huyo mbuzi kachinjwa na nani?"

Kijana hakushangaa hata kidogo. "Amechinjwa na Mwislamu, mzee. Hiyo nyama tunatoa buchari, na huko mchinjaji ni Mwislamu. Na hapa kwetu hatupiki nguruwe."

Jibu hilo halikuwa la ajabu. Sehemu nyingi za Kenya, hata ambako Waislamu ni wachache, kazi ya kuchinja kwa ajili ya biashara huachiwa Mwislamu, ili nyama ile iliwe na kila anayepita. Na Meru si nchi isiyo na Waislamu. Meru mjini ipo misikiti, na Isiolo iliyo jirani ni mji wa Waislamu wengi tangu zamani. Lakini Maalim aliniinamia sikioni akasema, "Kasema yeye. Sisi hatukuona." Basi tukaagiza githeri na mukimo, na chapati mbili tatu za kusindikizia.

Vyakula vyenyewe, waungwana, si vya kudharauliwa. Githeri, ambayo Wameru huiita muthere, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika, kisha yakaungwa kwa vitunguu na nyanya. Ni ndugu wa pure yetu. Mukimo ni viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya kijani, ukawekwa sahanini kama kichuguu. Ulimi wa mtu wa pwani huutafuta mchuzi wa nazi na pilipili asivione, lakini ukitulia nao utaujua utamu wake. Tulikula mpaka tukafungua mikanda.

Kisha tukaenda ukweni.

Baba wa binti alitutokea mlangoni, mzee mrefu mwenye kofia ya sufi na koti. Mama akaja na birika la maji ya moto na beseni, akatuosha mikono mmoja mmoja. Na kabla hatujasema lile neno letu tulilolipanga, mzee akasema kwa Kiswahili chake cha bara: "Wazee wangu, kuleni bila wasiwasi. Tulijua nyinyi ni Waislamu. Nilituma gari Meru, tukamleta mzee wa msikitini, yeye ndiye alichinja huyu mbuzi asubuhi. Alikuja na kisu chake. Mama naye alinunua sufuria mpya, hiyo haijapikiwa kitu kingine."

Sinia likawekwa mbele yetu. Wali uliokuwa umepikwa na mtu ambaye kwa hakika si kazi yake ya kila siku kupika wali, na nyama ya mbuzi juu yake inafuka moshi. Nikamtazama Maalim. Maalim akaitazama mikono yake. Kaka yangu, ambaye ana kisukari na alikuwa amekula chapati mbili, alianza kutokwa na jasho katika baridi ile.

Tungesema nini? Kwamba tumekula hotelini kwa sababu tuliwadhania vibaya? Maalim akasema bismillahi, akanyoosha mkono, nasi tukamfuata. Tulikula matonge madogo, tukiyateremsha kwa maji. Mama alituona. Wanawake hawafichwi jambo la chakula. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Hakijawapendeza?" Swali hilo lilinichoma kuliko bakora zote za chuoni.

Baada ya mikono kuoshwa, babu wa binti, ambaye alikuwa amekaa pembeni kimya, alitusimulia kisa. Alisema Wameru wa zamani walitoka pwani. Walikaa katika nchi iliyoitwa Mbwaa, kandokando ya maji, wakatawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Watu hao waliwatumikisha, wakawapa mitihani isiyowezekana, mpaka wakatoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe, na maji yakawapisha. Kisa hiki ni maarufu kwa Wameru, na wanahistoria wamekiandika. Wapo walioilinganisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Msikilizaji Mwislamu hawezi kukisikia asimkumbuke Nabii Musa na Firauni.

Mzee yule hakukisimulia kwa uchungu, alikisimulia akicheka. Akamalizia, "Basi nyinyi si wageni. Tulikuwa majirani." Lakini mimi nilijiuliza hao wenye nguo nyekundu walikuwa nani, kama si watu wa pwani kama sisi. Na leo tumekuja wenyewe kuomba mke, tukatandikiwa sinia, tukalitilia shaka kabla hatujaliona.

Tena, ukichunguza, hakuna katika sisi mwenye chakula chake peke yake. Mahindi na maharagwe ya githeri asili yake ni Amerika, na mahindi yaliingia pwani yetu baada ya Wareno waliofika mwaka 1498. Mgomba asili yake ni Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mchele tunaojivunia kwa pilau nao ni mgeni aliyekuja kwa bahari. Tumewapitishia wenzetu wa bara vyakula milangoni mwetu, kisha tukifika kwao tunavishangaa.

Njiani kurudi Meru mjini, Maalim ndiye aliyevunja kimya. Alisema, "Tumekosea, na elimu tulikuwa nayo." Akakumbusha kwamba katika Suratul Maida, ile aya inayotuhalalishia chakula cha watu wa Kitabu ndiyo hiyo hiyo inayotaja ndoa na wanawake wao. Masheikh wana maelezo marefu na masharti katika mambo yote mawili, na wala sitoi fatwa mimi. Lakini alisema, "Sisi tulikwenda na nusu ya aya mkononi. Binti tunamtaka, sinia tunaliogopa." Kisha akaitaja hadithi ya Bibi Aisha ambayo ameisomesha miaka mingi: watu walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamweleza kuwa huletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, nao hawajui kama jina la Mungu lilitajwa. Akawaambia walitaje wao wenyewe, wale.

Sisemi kwamba Mwislamu asichague chakula chake. Kuchagua ni wajibu, na mwenye dini hali kila kinachopita. Nasema kuwa mlango wa kuchagua ni kuuliza, na kuuliza kwa adabu si kumvunjia mtu heshima. Kijana wa hotelini aliulizwa, akajibu bila kukunja uso. Baba wa binti hakuulizwa, akatujibu kwa gari, kisu na sufuria mpya. Lililowavunjia heshima lilikuwa shibe yetu.

Jibu la posa tutapewa safari ya pili, ndivyo desturi. Mzee alipotusindikiza hadi garini alimshika Maalim mkono akamwambia, "Mkirudi, mje na njaa." Nikajua kuwa alikuwa amejua tangu mwanzo.

Usiku ule, kabla ya usingizi, nilitunga ubeti huu nikamsomea mwenzangu:

Ukiitwa ugenini, uliza ndipo ukale,
Usitie mtimani, dhana ya huku na kule,
Heri swali ulimini, kuliko shaka milele,
Mlo ulo siniani, ni moyo wake mpishi.

Maalim alinisikiliza, akasema vina vimekaa sawa. Kisha akaniuliza safari ya pili ni lini.