Muda wa Askari Vitani na Hukumu ya Aliyejiua

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wanazuoni walipoandika milango ya jihadi hawakuishia kueleza nani apigane na ngawira igawiwe vipi. Walizungumzia pia muda ambao askari anaweza kuwekwa vitani kabla ya kurudishwa kwa watu wake. Katika darsa zetu mas'ala haya hupitwa haraka, kana kwamba ni ya zama zilizokwisha. Lakini yaliyowafika askari wa Marekani baada ya kuingia Afghanistan mwaka 2001 na Iraq mwaka 2003 yanatulazimisha kuyarudia. Na hata kwetu, Imamu anaweza kuwa na askari katika safu zake: majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2013 askari wa Tanzania walipelekwa mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa.

Yaliyowafika askari hao

Marekani ilipigana vita viwili kwa pamoja kwa kutumia jeshi la watu wa kujitolea. Kwa hiyo watu wale wale walirudishwa vitani mara ya pili, ya tatu na zaidi. Mwaka 2007 zamu ya askari wa nchi kavu iliongezwa kutoka miezi 12 hadi 15, na haikurejeshwa miezi 12 mpaka mwaka 2008. Wapo waliokwisha kumaliza mikataba yao lakini wakazuiliwa kuondoka jeshini.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wanaochunguza gharama za vita hivyo walikadiria kuwa waliojiua, miongoni mwa askari na waliowahi kuwa askari, ni 30,177. Waliouawa katika vita vyenyewe ni 7,057. Yaani kwa kila mmoja aliyeuawa vitani, zaidi ya wanne walijiua.

Hatusemi haya kwa kuwasahau Waislamu waliouawa katika nchi hizo. Hayo yana uzito wake na mahali pake. Lakini aya ya 8 ya Suratul-Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na nafsi ya mwanaadamu ni moja.

Tena tusikimbilie kusema kwamba kila aendaye vitani hurudi na maradhi haya. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliohusu askari wapatao milioni 3.9, haukuona kuwa kupelekwa vitani peke yake ndiko kunakoongeza kujiua; hatari ilionekana zaidi kwa walioacha jeshi, hasa walioliacha mapema. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 uliangalia muda. Askari waliopelekwa mara mbili na kupumzika miezi sita au pungufu baina ya safari hizo walijaribu kujiua zaidi kuliko waliopumzishwa muda mrefu. Vivyo hivyo waliopelekwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja jeshini. Basi swali la muda si dogo.

Khalifa Umar na suala la muda

Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa jeshini. Umar akamuuliza bintiye, Hafsa (r.a.), mwanamke huweza kuvumilia muda gani bila ya mumewe. Akatajiwa miezi minne au sita, kwa kukhitalifiana kwa riwaya. Umar akaamrisha askari wasizuiliwe zaidi ya muda huo. Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza mpango wake: mwezi wa kwenda, miezi minne ya kukaa, na mwezi wa kurudi.

Jambo hili lina istilahi yake: tajmir, nayo ni kuliweka jeshi mpakani bila ya kulirudisha. Imam Ahmad ameipokea khutba ambayo ndani yake Umar anakataza watu wasifanyiwe hivyo, kwa sababu kunawatia katika fitna. Wengi wameifahamu fitna hiyo kwa upande wa wake na watoto. Kwa tuyaonayo leo, tunasema kwamba neno hilo linaingiza pia fitna ya nafsi ya askari mwenyewe.

Abu Dawud naye amepokea kisa kilicho wazi zaidi. Jeshi la Ansari lilikuwa Uajemi, na ada ya Umar ilikuwa kubadilisha majeshi kila mwaka. Safari hiyo akashughulishwa na mambo mengine. Muda ulipopita, watu wale wakarudi wenyewe. Umar akawakemea na kuwatisha. Wakamjibu kwamba yeye ndiye aliyewasahau, na ameacha kwao agizo la Mtume (s.a.w.) la kupeleka kundi baada ya kundi. Angalia vizuri, ndugu msomaji: hawa ni Sahaba, watu wa imani na ushujaa. Hawakuomba kuhurumiwa, walidai haki. Basi asiambiwe askari aliyechoka kwamba imani yake ni dhaifu.

Hukumu ya aliyejiua

Kujiua ni haramu na ni katika madhambi makubwa, kwa dalili ya Suratun-Nisaa, aya ya 29, na Hadithi sahihi nyingi. Haya hayana khilafu. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na hukumu ya mtendaji ni jambo jingine.

Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) anasimulia juu ya mtu aliyehamia Madina pamoja na Tufayl bin Amr. Akaugua, akashindwa kuvumilia, akajijeruhi mikono hata akafa. Tufayl akamuota yumo katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa ndoto hiyo, akamuombea Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake. Imam Nawawi anasema Hadithi hii ni hoja ya Ahlus-Sunna kwamba aliyejiua si kafiri, wala hakatiwi kuwa ni mtu wa Motoni. Yuko chini ya matakwa ya Mwenyezi Mungu.

Ama swala ya jeneza, imethubutu kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia mtu aliyejiua. Umar bin Abdul-Aziz na Awzai wakasema haswaliwi. Abu Hanifa, Malik, Shafi na wanazuoni wengi wamesema anaswaliwa, na kwamba Mtume aliacha yeye mwenyewe ili kuwakemea watu, ilhali Sahaba walimswalia. Imam Ahmad amesema Imamu mkuu ndiye anayeacha, na wengine humswalia. Na iwapo akili ya mtu iliondoka kwa maradhi, kalamu imenyanyuliwa juu yake, kama ilivyothubutu katika Hadithi.

Wajibu wetu

Madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza maradhi ya kiwewe cha vita katika orodha yao rasmi mwaka 1980. Mwenye maradhi haya hukosa usingizi, hushtuka, huyaona tena aliyoyaona, na hujitenga na watu wake. Wengine huumwa na dhamiri kwa waliyoyatenda au waliyoshindwa kuyazuia. Mtu wa namna hii akija msikitini, asiambiwe tu aongeze nyiradi. Imamu amsikilize, amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, wala asimwache peke yake. Ahakikishe silaha imewekwa mbali naye, na afuatane naye hospitali. Dua na ruqya ni haki, lakini hazizuii tiba, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Mlango wa toba ya aliyoyatenda vitani nao afunguliwe, asikatishwe tamaa.

Na amri ikishapita, maiti aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na azikwe na Waislamu, na watoto wake wasisikie neno la kumhukumu baba yao. Mbele ya kaburi lililo wazi, kilichobaki mikononi mwetu ni dua.

Wallahu a'alam.