Paka wako ametoka upasuaji? Sasa kazi ni yako

Ni jioni mjini Banissa. Jua la Mandera limelegea, mbuzi wanarudi kutoka malishoni na vumbi limetanda barabarani. Bodaboda inapita mbio, unasikia kishindo kidogo, halafu kelele za watoto. Ukitoka nje unamkuta paka wako, yule anayelinda magunia ya mchele na unga dukani kwa baba, akiburuta mguu wa nyuma.

Majirani wanakwambia, "Achana naye, ni paka tu." Wengine watakucheka ukimbeba hadi kwa daktari wa mifugo, mtu ambaye kutwa kucha anahangaika na ngamia, ng'ombe na mbuzi. Lakini tuseme umempeleka. Tuseme daktari amekubali, amemlaza kwa nusukaputi, ameunga mfupa au ameukata mguu uliosagika, ameshona, kisha amekukabidhi mnyama aliyelegea kama kitambaa pamoja na karatasi ya dawa.

Wengi hudhani hapo mambo yamekwisha. La hasha. Upasuaji huchukua saa moja, mbili hivi. Kupona huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo zote ziko mikononi mwako. Kijana wa Nairobi akiona mambo yameharibika usiku, anaweza kuita teksi hadi kliniki ya wanyama wadogo. Wewe wa Banissa huna teksi wala kliniki ya paka. Una simu, una chumba, na una macho yako. Habari njema ni kwamba hayo yanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, mradi ujue unachofanya. Nawe uliye Eastleigh, Garissa au Mombasa, soma pia. Linalowezekana Banissa linawezekana popote.

Usiku wa kwanza

Dawa ya usingizi haiishi mwilini mara tu paka anapofungua macho. Kwa saa kadhaa atayumba kama mlevi, na mwili wake hautaweza kujipasha joto vizuri. Mlaze sakafuni juu ya shuka au blanketi kuukuu, si kitandani wala kwenye kiti, maana akianguka anaweza kuharibu kila kitu alichofanya daktari. Chumba kiwe na giza kidogo na kisiwe na kelele. Wadogo zako wangoje hadi kesho kumpapasa.

Usimnyweshe maji kwa nguvu akiwa bado amelegea, yatamwingia kwenye mapafu. Ngoja ainue kichwa na kukishikilia mwenyewe, ndipo umwekee maji kidogo, baadaye chakula kidogo. Ikifika asubuhi na bado hawezi kuinua kichwa, au fizi zake zimekuwa nyeupe badala ya rangi ya waridi, mpigie daktari mara moja.

Mfungie, hata akikulilia

Hili ndilo litakalokushinda usipokuwa na moyo mgumu. Paka aliyeshonwa ngozi au tumbo anahitaji kutulia siku 10 hadi 14. Aliyeungwa mfupa anaweza kuhitaji wiki 6 hadi 8 kwenye kizimba. Shida ni kwamba paka hujihisi nafuu kabla mfupa haujashika. Wiki ya pili tu atataka kuruka ukutani. Akiruka mara moja, mmerudi mlikoanzia, na safari hii daktari huenda asiwe na cha kuokoa.

Huhitaji kizimba cha kununuliwa mjini. Mwambie fundi seremala akutengenezee cha mbao na waya, kipana cha kutosha kuweka malazi, bakuli na choo, lakini kisiwe kirefu kwenda juu, asije akapata nafasi ya kurukaruka. Kama nyumba yenu ni ya mabati, usikiweke ndani mchana, kwa sababu joto la saa saba litampika. Tafuta kivuli chenye upepo. Kisha funika kizimba chote kwa chandarua cha mbu. Hili si mapambo. Mahali penye mifugo pana nzi, na nzi hutaga mayai kwenye kidonda. Mayai hayo huwa funza kwa siku moja au mbili.

Choo chake usikijaze mchanga, ingawa mchanga umejaa kila mahali. Chembechembe zake hushika kwenye mshono. Rarua magazeti ya zamani vipandevipande, na uyabadilishe kila siku.

Nyumbani hawatakosa mtu wa kukulaumu. Nyanya atasikia paka akilia usiku na kukukumbusha kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka. Mjibu kwa adabu. Mwanamke yule alimfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Wako anakula, anakunywa, na siku ya kufunguliwa ipo. Mwalike nyanya amlishe kwa mkono wake. Mara nyingi lawama huishia hapo.

Asijirambe

Ulimi wa paka una vimiba kama msasa. Dakika chache za kujiramba zinaweza kufungua mshono na kuingiza vijidudu. Ndiyo maana anahitaji kola, ile inayofanana na koni. Kama daktari hana, tengeneza kwa filamu ya eksirei iliyotumika au plastiki nyepesi. Ikate umbo la nusu duara, izungushe shingoni, na uhakikishe ukingo wake unapita pua kidogo. Ukingo wa ndani uufunike kwa kitambaa ili usimkwaruze. Vidole vyako viwili viweze kupita kati ya kola na shingo.

Siku ya kwanza atarudi kinyumenyume akijaribu kuikimbia. Usimwonee huruma ukaivua. Atazoea. Ila hakikisha anaweza kula na kunywa akiwa nayo, na kama bakuli ni kubwa, mpe sahani.

Kidonda kitazame, usikishike ovyo

Tazama mshono asubuhi na jioni. Piga picha kila siku, mahali pale pale, kwenye mwanga ule ule. Baada ya siku tatu utaona tofauti ambayo kumbukumbu yako isingeiona, na daktari aliye mbali ataelewa hali kwa kutazama WhatsApp tu.

Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu mbaya, uvimbe unaozidi, au mshono kuachana si kawaida. Akiwa na bandeji, gusa vidole vya mguu huo. Vikivimba au vikiwa baridi, bandeji imebana na inahatarisha mguu wote.

Daktari akikwambia usafishe, tumia maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe. Basi. Usipake dawa kali za kuua viini zinazotumika kusafishia sakafu na vidonda vya watu, usipake spiriti, mafuta ya gari wala majivu. Hata ile dawa ya kupuliza ya vidonda vya mbuzi, muulize daktari kwanza. Mbuzi hajirambi kama paka. Unachompaka paka, atakila. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na anayezitoa ni daktari, si wewe na wembe.

Hapa ndipo watu huua wakidhani wanatibu

Soma sehemu hii mara mbili. Usimpe paka parasetamo. Si nusu, si robo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu, kwa hivyo hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu. Fizi huwa za kahawia au buluu, uso huvimba, pumzi hukata. Ibuprofeni na diklofenaki pia usithubutu. Zipo dawa za maumivu za paka, lakini kipimo chake hutegemea uzito, na anayekitoa ni daktari.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hasa wafugaji. Baadhi ya dawa za kupe na viroboto vya ng'ombe na mbwa, hasa zenye permethrini, humtetemesha paka hadi kufa. Ukiwa unapulizia mifugo dawa nyumbani, msogeze paka mbali. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema sana na bado asiwe daktari. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na bodi yao, na si vibaya kuuliza kama anayekuhudumia amesajiliwa.

Kumpa kidonge kuna ufundi wake. Mfunge kwa taulo kama mtoto mchanga, shika kichwa kwa juu, inua pua kidogo, teremsha taya la chini kwa kidole, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo na usugue koo. Kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, kidonge kisije kikakwama na kuchoma umio. Na dozi ya antibayotiki uimalize, hata akianza kukukimbia kwa furaha.

Maziwa ya ngamia je?

Najua, kwenu maziwa ya ngamia ni dawa ya kila kitu. Lakini paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari iliyo kwenye maziwa, yawe ya ng'ombe au ngamia. Atapata kuhara wakati mwili unahitaji maji. Mpe maji safi, na nyama ya mbuzi au kuku iliyochemshwa, imetolewa mifupa, imekatwa vidogo. Ipashe moto kidogo, kwa sababu paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Supu ni sawa ila isiwe na kitunguu wala kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu damu ya paka.

Paka asiyekula chochote kwa siku mbili, tatu, si "anadeka". Mafuta yanaweza kurundikana kwenye ini lake na kumletea ugonjwa mwingine mbaya kuliko jeraha. Mpigie daktari kabla ya hapo. Vilevile akimaliza saa 24 bila kukojoa, hasa akiwa dume, hiyo ni dharura.

Usidanganywe pia na kukoroma kwake. Paka hukoroma akifurahi, lakini hukoroma akiumia vilevile. Tazama mengine: amejikunja, macho nusu yamefumba, hajisafishi, anajificha kwenye kona ya kizimba. Hayo ndiyo malalamiko yake.

Na wewe jichunge

Paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akikuuma au kukukwaruza hadi damu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kama jeraha lake lilitokana na kung'atwa na mbwa asiyejulikana, mwambie daktari tangu mwanzo. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya, ingawa nchi imeweka lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mapema ndiyo kinga.

Pesa na maneno ya watu

Tusidanganyane, hii kazi ina gharama. Kabla ya upasuaji muulize daktari waziwazi: jumla ni ngapi, dawa ni ngapi, nitarudi mara ngapi, naweza kulipa kidogokidogo kwa M-Pesa? Muulize pia swali gumu: ana nafasi gani ya kuishi vizuri? Kupoteza mguu si mwisho wa maisha. Paka wengi wa miguu mitatu hutembea ndani ya siku chache na hurudi kuwinda panya. Lakini akikwambia uti wa mgongo umekatika na maumivu hayatakwisha, kumpumzisha kwa sindano si usaliti. Kumwacha afe polepole nyuma ya duka ndiko kubaya. Hata Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamzuia mwenye mnyama kumsababishia mateso yasiyo ya lazima.

Chukua daftari moja la shule. Kila siku andika alichokula, kama amekojoa, dawa saa ngapi, mshono ukoje. Bandika jina la daktari na namba yake kwenye jalada, ili hata ukienda shule au sokoni, aliyebaki nyumbani ajue la kufanya.

Wiki ya nane, daktari akikupa ruhusa, fungua mlango wa kizimba na usimvute. Mwache atoke mwenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa kwanza, dakika kumi leo, ishirini kesho. Usishangae akitoka, akanusa sakafu, kisha akarudi kizimbani kulala. Siku zote hizo palikuwa kitanda chake. Barabara na bodaboda zake zingoje. Ikiwezekana, zingoje daima: paka wa duka hana biashara na barabara jioni.