Jina la Mnyama wa Rusinga

Katika mwaka wa 1926 Dr. H. L. Gordon, mlowezi wa Koru, mashariki ya Kisumu, aliona mifupa ndani ya mawe ya chokaa yaliyokuwa yakichimbwa huko. Mifupa hiyo ilikuwa imegeuka mawe, na baadhi ya meno yake yalikuwa ya mnyama asiyejulikana. Ikapelekwa London, ikawekwa mbele ya Bwana A. T. Hopwood wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Yeye akaona kuwa meno yale yafanana na ya sokwe, wala si ya sokwe hasa. Mwaka wa 1933 akampa mnyama huyo jina la Proconsul africanus. Siku zile palikuwa na sokwe mashuhuri wa michezo aliyeitwa Consul, na maana ya Proconsul ni “aliyemtangulia Consul.” Ni jina la mzaha, lakini lilibeba dai zito, yaani kwamba mnyama wa Koru ndiye babu wa sokwe.

Baadaye, mwezi wa Oktoba 1948, Bibi Mary Leakey alipata fuvu katika kisiwa cha Rusinga, karibu na Mbita, mahali ambapo majivu ya mlima wa moto wa Kisingiri yalifunika mifupa yapata miaka milioni 18 iliyopita. Alilichukua kwa ndege mpaka Uingereza. Nalo likaitwa Proconsul africanus.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mnyama wa Rusinga hakuwa na mkia, na meno yake ni ya jamii ya sokwe; lakini viungo vyake vyaonyesha kwamba alitembea juu ya matawi kwa miguu yote minne, kama tumbili. Basi awekwe wapi?

Tena iko sheria ya majina ya viumbe, ambayo wataalamu wa mataifa yote huifuata. Jina hukaa na kipande kile cha kwanza kilichopewa jina hilo, kama vile hati ya shamba isivyoweza kuhamishiwa shamba la jirani kwa sababu tu udongo wake wafanana. Mwenye jina la Proconsul africanus ni mifupa ya Koru. Fuvu la Rusinga, hata likiwa zima kiasi gani na kusifiwa duniani kote, halina haki juu ya jina hilo ila kwa kuthibitishwa undugu.

Undugu ulikuwa wa mbali. Mwaka wa 1993 Alan Walker na wenzake walimtenga mnyama mdogo wa Rusinga, wakamwita Proconsul heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Dr. Louis Leakey kwa miaka mingi na kuokota mifupa mingi. Heshima hiyo ilichelewa mno, kwani majina ya wakubwa yalikuwa yamekwisha kuandikwa vitabuni zamani.

Mwaka wa 2015 wataalamu watano, miongoni mwao Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Emma Mbua, walipima meno na mataya upya, wakaona kuwa wanyama wa Rusinga ni ukoo mwingine kabisa. Waliuita Ekembo, neno la Kisuba, lugha ya wenyeji wa visiwa hivyo. Mdogo sasa ni Ekembo heseloni, na mkubwa ni Ekembo nyanzae. Proconsul africanus amebaki Koru.