Kisima na Shimo: Maji ya Nyumba ya Shamba katika Nchi ya Jozani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za maji: maji yaingiayo nyumbani na maji yatokayo. Watu wengi huyafikiri kuwa ni mambo mawili mbalimbali. Hushughulika sana na yale ya kwanza, nayo ya pili huyasahau mara yakishamwagwa uani. Lakini katika nchi ya Jozani, katika vijiji kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, mambo hayo mawili ni jambo moja, na sababu yake iko chini ya miguu yetu.

Ardhi ya upande huo wa Unguja ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana. Udongo ulio juu yake ni haba, na mwamba wenyewe una nyufa, matundu na mapango mengi. Mvua inyeshapo, maji hayakusanyiki yakafanya mto. Huzama mara moja. Yakifika chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Visima vyetu huteka katika tabaka hilo la juu. Kisima kikitekwa kupita kiasi, hasa kwa mashine, maji ya chumvi hupanda: wataalamu wamepima kwamba maji baridi yakishuka mita 1, chumvi yaweza hatimaye kupanda kadiri ya mita 40.

Msitu wa Jozani wenyewe ni shahidi wa mambo haya. Msitu huo, ambao tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, uko bondeni, na maji ya chini ya ardhi yako karibu mno na miti. Wakati wa mvua nyingi hupanda hadi juu, miti ikasimama majini. Miti hufaidi, lakini mtu achimbaye choo cha shimo mahali kama hapo huwa amechimba kisima bila kujua.

Tufahamu tofauti ya udongo na mwamba. Maji machafu yapitapo katika mchanga huenda polepole, na vijidudu vingi hunaswa njiani na kufa. Katika ufa wa jiwe maji hupita upesi kama katika mfereji, wala hayachujwi. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika nchi ya mawe huzoleka, nayo huzolewa kisimani, na mnywaji wa kwanza huenda akawa ni mtoto wetu.

Wala tusidanganywe na macho. Maji ya mawe huwa meupe, nayo huacha ukoko wa chokaa ndani ya sufuria, lakini weupe wake hauonyeshi kama yamechanganyika na kinyesi. Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, watu wengi walikufa kwa kipindupindu. Daktari John Snow akagundua kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja cha bomba, ambacho maji yake yalisifiwa sana. Baadaye kisima kilipokaguliwa, ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja, nalo lilikuwa karibu nacho kwa chini ya mita 1. Unguja nayo haikusalimika: mwaka 1869 na 1870 ugonjwa huohuo uliwaua watu wengi sana, na daktari James Christie, aliyekuwapo wakati huo, aliandika kitabu juu yake kilichotolewa mwaka 1876.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tuchague mahali. Choo kisiwe karibu na kisima kwa chini ya mita 30, yaani kadiri ya futi 100, na kiwe upande wa chini ya mteremko. Kina cha shimo kiishe angalau mita 1 na nusu juu ya maji, nayo maji hayo yapimwe wakati wa masika, si wakati wa kiangazi yaliposhuka. Vipimo hivi ni vya ardhi ya udongo. Penye nyufa za mawe, mita 30 ni kidogo, na heri kuzidisha. Na pale ambapo maji yako karibu, tusichimbe kabisa. Tujenge choo kilichoinuliwa, chenye vyumba viwili vya chini vilivyosakafiwa kwa saruji, visivyovuja. Chumba kimoja hutumiwa, na kila mara hutiwa jivu. Kikijaa hufungwa mwaka mzima au zaidi, na cha pili hutumiwa, hata vilivyomo vikauke na kuwa kama udongo, vikafukiwe penye miti.

Pili, tuyapokee maji kabla hayajafika chini. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita 480. Tukitoa yanayopotea, tutapata kadiri ya lita 400, yaani madebe zaidi ya 20. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa kunywa na kupika, itatumia maji hayo siku 13. Birika la lita 4,000 litawatosha siku 130, ambazo ni kama tangu mwisho wa masika hadi mwanzo wa vuli. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yanaosha mavi ya ndege na popo. Birika lifunikwe lisizae mbu. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Maji ya paa la makuti yana rangi na taka, basi na yatumiwe kwa kufulia.

Tatu, maji ya kuogea na ya vyombo tusiyaache yazame ovyo. Yapitishwe katika kitalu kilichojengwa kwa saruji, kikajazwa kokoto na mchanga, na juu yake pakapandwa migomba.

Haya si ndoto. Kisiwani Chumbe, kusini ya Mji wa Unguja, hapana kisima. Nyumba saba za wageni zilizofunguliwa huko mwaka 1998 hupata maji kwa mvua ya mapaa yake, hutumia vyoo visivyotia uchafu ardhini, na maji ya kuogea huchujwa katika vitalu vya mimea.

Wasikilizaji wetu, mipaka ya viwanja vyetu iko juu ya ardhi tu. Huko chini hapana ukuta. Basi kabla ya kuchimba shimo, tumwulize jirani kisima chake kiko wapi, naye akichimba lake atuulize chetu.