Kwa nini jicho la mtoto halioni kasi ya boda boda

Kila shule zinapofunguliwa, wazazi wa Kitui huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na halihusu malaria wala minyoo: mtoto apitie wapi? Wa Majengo anauliza, wa Kalundu anauliza, wa Ithookwe naye anauliza. Wengi huwa wamekwisha kujijibu. Apite barabara kuu, wanasema, kwa kuwa imenyooka na mtoto ataliona gari likiwa mbali. Jibu hilo limekuwa kama sheria, na ndilo ninalotaka kulipinga leo, kwa sababu kuliona gari si sawa na kuuona mwendo wake.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo cha Royal Holloway, Uingereza, wakiongozwa na Profesa John Wann, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanyia watoto na watu wazima. Waliwaonyesha picha za magari yanayokuja na kupima kama macho yao yanaweza kutambua kwamba yanakaribia. Mtu mzima aliweza kutambua hata gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Mtoto wa umri wa shule ya msingi alianza kukosea mara tu mwendo ulipozidi kilomita 32 hivi kwa saa, gari likiwa limebakisha sekunde 5 kumfikia. Si kwamba alikuwa amezubaa. Gari alikuwa akilitazama, ila macho yake hayakuweza kumwambia kwamba linakuja.

Sababu ni ya kushangaza, na inafaa kuielewa vizuri. Ubongo hausomi kilomita kwa saa. Unachosoma ni jinsi picha ya gari inavyopanuka ndani ya jicho kadiri gari linavyosogea. Picha ikipanuka upesi, tunashtuka na kurudi nyuma. Ikipanuka taratibu kupita kiasi, ubongo, hasa wa mtoto, unaichukulia kama kitu kilichosimama. Sasa fanya hesabu. Gari la kilomita 30 kwa saa, likibakisha sekunde 5 kumfikia mtoto, liko umbali wa mita 42 hivi. Gari la kilomita 60, likibakisha sekunde 5 zilezile, liko mita 83. Muda wa kujiokoa ni sawa, lakini lile la kasi liko mbali zaidi, linaonekana dogo zaidi, na picha yake inapanuka kwa nusu tu ya kiwango cha lile la polepole. Chombo kinachokimbia zaidi ndicho kinachoonekana kutulia zaidi, mpaka sekunde ya mwisho picha inapojaa jicho ghafla, na wakati huo hakuna la kufanya.

Weka boda boda mahali pa gari. Gari dogo lina upana wa mita 1.8 hivi, pikipiki pamoja na mikono ya dereva wake ni kama sentimita 80. Kitu chembamba hupanuka kidogo jichoni. Ukizidisha upungufu huo kwa ule wa kasi, pikipiki ya kilomita 60 kwa saa hupanuka kwa chini ya robo ya gari la kilomita 30, ilhali zote zimebakisha sekunde 5. Giza likiingia, mambo huwa mabaya zaidi. Gari lina taa mbili, na nafasi kati yake huongezeka linapokuja, kwa hiyo jicho bado lina kitu cha kupima. Pikipiki ina taa moja. Kundi hilohilo la watafiti lilipima jambo hili baadaye, likakuta kwamba usiku hata watu wazima hukosea sana kukadiria mwendo wa pikipiki yenye taa moja, na kwamba kuiongezea taa ndogo pembeni hupunguza kosa hilo. Watoto wetu hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, saa ambayo boda boda nazo zinakimbizana na abiria wa kwanza.

Nazitaja sekunde 5 kwa makusudi. Lami ya upana wa mita 7 humchukua anayetembea mita 1.2 kwa sekunde karibu sekunde 6 kuivuka. Mtoto aliyeona taa moja iliyotulia kule mbali, akaamua ana muda, bado yuko barabarani hesabu inapomwishia.

Dereva naye ana mipaka yake. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa, akichukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, husimama ndani ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. Anayekwenda kilomita 50, mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria ndani ya miji ya Kenya, anapomaliza mita hizo 13 mguu wake bado haujagusa breki. Anamfikia mtoto na kilomita 50 zake zote. Ndiyo maana mkutano wa dunia wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitoa wito wa kilomita 30 kwa saa popote magari yanapochangamana na waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Hapa kwetu zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na takwimu za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu.

Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui imefupisha safari na kuinua biashara, na hakuna anayetaka kurudi kwenye vumbi. Lakini lami nzuri huinua mwendo, na kipande kilichonyooka ndicho kinachouinua zaidi. Kwa hiyo mzazi anayepanga njia aanze na mahali pa kuvukia, urefu wa safari uje baadaye. Tafuta penye tuta, penye mzunguko, au penye msongamano wa stendi unaolazimisha kila chombo kutambaa, na pasiwe kwenye kona wala nyuma ya lori lililoegeshwa. Kama kufika hapo kunamwongezea mtoto dakika 10, ni dakika za kulipa bila kunung'unika. Mistari myeupe ya kivuko peke yake haimsimamishi mtu. Tuta humsimamisha, hata asiyetaka.

Vichochoro vya ndani, vile vinavyopita nyuma ya maduka na katikati ya makazi, mara nyingi ni bora kuliko barabara kuu, na moshi wake ni kidogo pia. Ila vikague mwenyewe saa ileile mtoto atakayopita, na uvikague tena siku ya soko, maana kibanda kimoja kikisogea mbele humsukuma mtoto barabarani. Msimu wa mvua, njia yoyote inayokata korongo ifutwe kabisa. Desemba 2021 mto Enziu, kule Mwingi, ulilizoa basi zima na zaidi ya watu 30 wakafa. Mtoto wa darasa la tatu hana haja ya mto mkubwa kiasi hicho ili azolewe.

Sasa niseme na hawa wanaouza hirizi na kamuti, yaani uchawi wa kinga, kwa vijana wa boda boda, eti chombo hakitagongwa. Ni wizi, tena wizi wenye damu, kwa sababu kijana aliyeaminishwa kwamba amekingwa hupunguza breki kabla ya kupunguza imani. Na mahali watu wanapokufa kila mara hapana jini. Nenda kapatazame mchana: utakuta mteremko unaoishia kwenye njia panda, au geti la shule linalofunguka moja kwa moja barabarani, au giza totoro. Hayo yanatibiwa na mhandisi. Pesa anazolipwa mganga zingenunua kizibao chenye mistari inayong'aa, ambacho taa za gari zikikimulika huurudisha mwanga kwa dereva akiwa mbali zaidi kuliko ambavyo angeliona sweta la shule.

Waendesha baiskeli wana imani yao pia: kwamba ni heri kwenda kinyume cha magari ili uyaone. Hiyo ni kanuni ya mtembea kwa miguu mahali pasipo na njia yake, naye hutembea upande wa kulia. Baiskeli hukaa kushoto na kufuata mkondo wa magari, kwa sababu dereva anayetoka njia ya pembeni hatazami upande ambao hategemei chombo kitokee. Kukata kulia kwenye barabara yenye kasi ni hatari. Shuka, vuka kwa miguu. Muuza maji aliyefunga mitungi 4 ya lita 20 ana kilo 80 nyuma yake, kwa hiyo njia yake ipangwe kukwepa miteremko hata kama ni ndefu. Vaa helmeti. Na yule anayetangaza kwa kipaza sauti kwamba baiskeli huua nguvu za kiume, kisha anauza unga wa kuzirejesha, asikilizwe na mtu gani? Watafiti nchini Marekani waliwalinganisha maelfu ya wanaume waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, wakakuta afya yao ya ndoa haikuwa mbovu kuliko ya wenzao. Ganzi ikikushika, rekebisha kiti.

Lakini mzazi peke yake hawezi kuhamisha barabara. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda kwenye shule ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na penye haja geti la shule likahamishwa. Majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya miji ya WRI Ross ya taasisi ya World Resources Institute. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho mji wa Kitui au wa Wote hauwezi kukijenga. Bodi ya shule iandike barua, ikitaja mahali hasa watoto wanapovukia na saa wanayovuka: kwa mamlaka ya barabara kuu za kitaifa (KeNHA) ikiwa ni barabara kuu, kwa serikali ya kaunti ikiwa ni ya mtaani. Iombe tuta kwanza, rangi baadaye. Nakala ibaki kwa mwalimu mkuu, na barua ifuatiliwe mwezi unaofuata.